Kusoma hewa kwenye gome la mti: mwongozo kamili wa kuwafundisha wanafunzi kuhusu likeni

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika andalio la somo, toka nje ya ofisi uende kwenye mti mkubwa wowote ulio karibu. Tazama gome lake kwa kimo cha kifua chako. Yale madoa meupe, ya kijivu, ya kijani kilichopauka, ambayo wengi wetu tumekua tukidhani ni ugonjwa wa mti au dalili ya uzee wake, ndiyo likeni. Chukua maji kwenye kikombe, dondoshea doa moja la kijivu, kisha hesabu polepole hadi sitini. Doa litaanza kugeuka kijani huku unalitazama. Nimewaonyesha watoto jambo hili kwa miaka kadhaa, na bado sijapata darasa lililobaki kimya.

Nafundisha Sayansi katika shule ya msingi wilayani Moshi. Haya ninayoyaandika nimeyafanya na watoto wa darasa la tano na la sita, katika shule isiyo na maabara, kwa vifaa vinavyopatikana duka la vifaa vya ujenzi na duka la madaftari. Nitaeleza hatua kwa hatua, lakini jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloshika kazi yote: likeni haisemi "hewa hii ni chafu". Inasema tu "hapa si sawa na pale". Jukumu letu walimu ni kuhakikisha kwamba hapa na pale vinalinganishika.

Mambo ya kuyajua kabla ya kuingia darasani

Likeni si mmea, na wala haimnyonyi mti. Ni kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja (mara nyingine nafasi ya mwani huchukuliwa na bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga). Mimi huwaambia watoto hivi: kuvu hujenga nyumba na kuteka maji, mwani hupika. Mti ni kiwanja tu walichojengea, ndiyo maana likeni hizohizo utazikuta pia juu ya mawe, bati kuukuu na makaburi ya saruji. Zinajulikana aina zipatazo 20,000 duniani. Mswisi Simon Schwendener alipotangaza mwaka 1867 kwamba likeni ni viumbe wawili, wataalamu wengi wa fani hiyo walimpinga vikali.

Kwa nini zinajua habari za hewa? Mmea wa kawaida una mizizi ya kuchagua kinachoingia, na majani yake yamepakwa nta. Likeni haina mizizi wala nta. Inakunywa mvua, umande na ukungu kwa mwili mzima, na kila kilichomo ndani ya maji hayo huingia nacho. Haipukutishi majani ili kuondoa sumu iliyojikusanya. Gesi ya salfa dioksidi, ile itokayo kwenye makaa ya mawe na mafuta yenye salfa nyingi, ikikutana na likeni iliyolowa hugeuka tindikali na kuharibu klorofili ya mwani. Mpishi akifa, nyumba nzima inalala njaa. Likeni kavu imelala usingizi na hudhurika kidogo. Iliyolowa ndiyo iliyo hatarini.

Mtu wa kwanza kuliweka jambo hili wazi kwa mji mzima alikuwa William Nylander, mtaalamu kutoka Finland aliyekuwa akiishi Paris. Mwaka 1866 aliandika kuhusu likeni za bustani ya Luxembourg: alizikuta nyingi pale bustanini kuliko mitaa mingine ya jiji, akasema zinaweza kutumika kupima uzuri wa hewa. Cha kushangaza, Nylander huyohuyo hakuikubali hoja ya Schwendener hata kidogo. Watoto wapewe kisa hiki. Wanahitaji kujua kwamba mtu anaweza kuona sawasawa jambo moja na kulikosa lingine lililo mbele ya pua yake.

Mwaka 1970 Waingereza wawili, Hawksworth na Rose, walitoa kipimo cha ngazi 0 hadi 10 kwa ajili ya England na Wales: ukizijua likeni za shina la mti, unakadiria salfa dioksidi iliyoko hewani. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, maelfu ya watoto wa shule nchini Uingereza walitoka nje na kadi za picha wakaichora ramani ya hewa ya nchi yao, na mtaalamu wa likeni Oliver Gilbert akayachapisha matokeo yao mwaka 1974. Kwetu Afrika Mashariki, J. T. Nyangababo alichapisha mwaka 1987 utafiti uliotumia likeni kufuatilia metali nzito hewani ndani ya Kampala na viunga vyake. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba huu ni mchezo wa watoto. Ni kazi ya kisayansi ambayo watoto wanaiweza.

Jambo jingine la kuwapa wanafunzi ili waone kwamba likeni si ngeni kwetu: kamusi za zamani za Kiswahili zina neno "malele". Ni likeni ya pwani iotayo kwenye miti iliyo karibu na bahari, na katika karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar na pwani yetu kwenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau ya nguo. Na ile karatasi ya litimasi ambayo dada na kaka zao wa sekondari huichovya kwenye ndimu na maji ya sabuni? Rangi yake kiasili hutokana na likeni za jamaa hiyohiyo ya malele. Nikifika hapa huwa nasimama kidogo, maana mikono ya maswali huwa mingi.

Hatua ya kwanza: nenda peke yako ukachague miti

Usiwapeleke watoto mahali ambapo hujapakagua. Tenga jioni moja. Unatafuta miti ya aina moja, yenye unene unaokaribiana, iliyosimama wima, isiyo chini ya kivuli kizito. Kwa futi ya fundi cherehani pima mzunguko wa shina kwa kimo cha mita moja. Mimi huchukua miti ya sentimita 60 hadi 150. Mwembamba zaidi ya hapo ni mti mchanga ambao likeni hazijapata muda wa kuufikia.

Aina ya mti ina uzito kuliko unavyofikiri. Mkaratusi hubambuka gome, na mpera pia, kwa hiyo likeni inayoanza maisha hapo hudondoka pamoja na gome lake. Ukimlinganisha mkaratusi na mwembe unalinganisha magome, hewa haimo. Huku kwetu nimefanikiwa na mjakaranda, mgrivea wa mashamba ya kahawa, mwembe na mparachichi. Walio pwani watumie minazi, maana kila kijiji kinayo na shina lake hupambwa na likeni za rangi nyingi.

Halafu kuna chokaa. Shule zetu nyingi hupaka miti chokaa ili uwanja upendeze siku ya mgeni rasmi. Chini ya chokaa hakuna likeni utakayoisoma. Ikiwa chokaa imeishia chini ya mita moja, mti unafaa, kwa sababu maji ya mvua huishusha chokaa badala ya kuipandisha. Ikipita hapo, uache mti huo. Na kama una sauti katika kikao cha walimu, omba miti mitatu au minne isipakwe tena. Mimi niliomba nikakubaliwa, na miti hiyo sasa ni mali ya darasa.

Chagua vituo vitatu au vinne, kila kimoja na miti mitatu. Vituo viwe kwenye mwinuko unaokaribiana na vinyeshewe mvua ileile. Hili nitalirudia, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Kama hujawahi kuifanya kazi hii, anzia ndani ya ua wa shule. Jiko la kuni la shule linatoa moshi kila siku ya masomo. Mti ulio upande moshi unakoelekea ni kituo cha kwanza, mti ulio ng'ambo ya uwanja wa mpira ni kituo cha pili. Hakuna nauli, hakuna barabara ya kuvuka, na mwinuko ni uleule.

Hatua ya pili: kipindi cha kwanza, mezani

Kipindi hiki ni cha macho tu. Okota vijiti vilivyoanguka vyenyewe chini ya miti, vyenye likeni, na gawa kijiti kimoja kwa kila kundi la watoto watano. Usibandue likeni kwenye shina hai. Likeni nyingi za umbo la jani hukua milimita chache tu kwa mwaka. Wafanyishe hesabu: ikiwa hii yenye upana wa sentimita 8 huongezeka milimita 4 kwa kila upande kila mwaka, ina umri gani? Miaka 10. Ni rika lao. Baada ya hesabu hiyo sijawahi kuhitaji kuwakataza watoto kubandua, wanakatazana wenyewe.

Kwanza wazitenganishe na vitu vinavyofanana nazo. Zulia laini la kijani lenye vijani vidogo vidogo ni mmea, si likeni. Vumbi la kijani linalobaki kidoleni ukilifuta ni mwani ulio peke yake. Doa ambalo halibadiliki rangi hata likilowa, huenda ni gome lenyewe au rangi ya ukutani iliyorukia hapo.

Kisha wazipange kwa maumbo matatu. Likeni ya ganda imeshikamana na gome kama rangi iliyomwagika. Huwezi kupenyeza ukucha chini yake. Likeni ya jani ina kingo zilizoinuka, mgongo na tumbo vya rangi tofauti, kama karatasi iliyokunjwakunjwa au kabichi iliyobanwa. Likeni ya ndevu imeshika mti kwa sehemu moja tu na mwili wake wote unaning'inia au kusimama kama kichaka. Wape lenzi ya mkono kama unayo. Balbu ya zamani ya taa, ile ya kioo angavu, ikisafishwa na kujazwa maji hukuza vizuri tu.

Majina ya Kilatini yasikutishe. Waache watoto wabuni majina yao, mradi darasa zima likubaliane na kuchora picha kwenye karatasi ya manila. Darasa langu la mwaka uliopita lilikuwa na "unga wa muhogo" (ganda jeupe linalopukutika), "ramani" (ganda lenye mistari meusi), "kabichi ya kijivu", "kabichi bapa" iliyolala chini kabisa, na "ndevu za babu". Kwa faida yako mwalimu, kabichi kubwa zenye kingo pana mara nyingi ni za jenasi Parmotrema. Zilizolala bapa kwenye miti ya mjini mara nyingi ni Pyxine au Dirinaria, ambazo ni vumilivu. Na ndevu ni Usnea, ambazo ni nyepesi kudhurika.

Hatua ya tatu: tengeneza ngazi

Wataalamu wa Ulaya hutumia fremu yenye vyumba vitano vya sentimita 10 kwa 10, vilivyopangwa kwenda juu. Sisi tunaitengeneza kwa waya mwembamba wa kufungia nondo. Mita mbili za waya zinatosha fremu moja. Kata vipande viwili vya sentimita 50 na kitu, viwe nguzo. Kisha vipande sita vifupi viwe vipandio, kila baada ya sentimita 10. Zungushia ncha kwa koleo na uzifunike kwa selotepu ili zisichane vidole. Ukimaliza una ngazi ndogo inayokunjika kufuata mviringo wa shina, na "ngazi" ndilo jina lake kwetu. Watoto wanaitengeneza wenyewe kwa kipindi kimoja cha dakika 40, ila koleo likae kwa mwalimu.

Kila kundi liwe na ngazi moja, kamba ya kuifungia, futi ya fundi, dira (ya simu ya mwalimu inatosha), chupa ya kunyunyizia maji, rula, daftari na penseli. Peni hugoma kuandika kwenye karatasi yenye unyevu.

Hatua ya nne: siku ya kutoka

Omba ruhusa mapema kwa mwalimu mkuu, wazazi na mwenye shamba. Watu wazima wawe angalau watatu ikiwa mnafika karibu na barabara, na watoto wasimame upande wa mti usiotazama magari. Kagua kila mti kama una nyuki kabla mtoto hajausogelea. Angalia na siafu chini. Mwenye pumu asikae kituo cha barabarani, mpe kazi ya kituo cha ndani au ya kuandika. Nendeni asubuhi ya siku kavu, tuseme saa tatu. Likeni zilizolowa zimebadilika rangi na kundi moja litaziita kabichi za kijani, lingine za kijivu. Kwa hiyo soma zikiwa kavu kwanza, nyunyizia maji baadaye.

Kwenye kila mti kazi inakwenda hivi. Pima mzunguko wa shina. Funga ngazi upande wa kaskazini, kipandio cha chini kikiwa mita moja kutoka ardhini. Kwa kila aina ya likeni, hesabu iko kwenye vyumba vingapi kati ya vitano. Doa likiwa dogo kama punje ya mtama au likijaza chumba kizima, vyote vinahesabiwa mara moja: ipo au haipo. Hamisha ngazi mashariki, kusini, magharibi. Aina moja haiwezi kuzidi 20 kwa mti mmoja. Mwishoni jumlisha aina zote.

Tuseme mti wa barabarani una unga wa muhogo vyumba 14, kabichi bapa 6 na ramani 5. Alama yake ni 25. Mti wa ndani una unga wa muhogo 16, kabichi bapa 11, ramani 9, kabichi ya kijivu 3 na ndevu 2. Alama yake ni 41. Tafuta wastani wa miti mitatu ya kila kituo. Mti wa kwanza utawachukua nusu saa na kelele nyingi. Wa tatu wanaumaliza kwa dakika kumi.

Kuna zoezi dogo ambalo siliruki kamwe. Makundi mawili yapime mti uleule bila kuonana, kisha yalinganishe. Mara ya kwanza tofauti ilikuwa alama tisa. Tukarudi wote kwenye mti, na binti mmoja akaonyesha kwa ncha ya penseli kabichi ndogo kama kucha ya mtoto, imejificha kwenye ufa wa gome. Kundi la kwanza walikuwa wamepita juu yake mara mbili. Walikaa pale wamechuchumaa, vichwa vinagusana, wakianza kuhesabu upya chumba kwa chumba bila kuambiwa. Kwangu hilo lilikuwa somo la sayansi kuliko kurasa kumi za kitabu.

Kabla ya kuondoka kituoni, kusanya ushahidi wa aina mbili zaidi. Bandika selotepu kwenye jani pevu la mti ule, ibandue, uibandike kwenye karatasi nyeupe. Vumbi na masizi vitaonekana, na hufifia kadiri unavyokwenda mbali na chanzo. Halafu hesabuni magari kwa dakika kumi, yakitengwa: bodaboda, bajaji, daladala, malori. Bila vitu hivi viwili mtoto ana nusu ya habari.

Hatua ya tano: kurudi darasani na kusoma mlichokiona

Chora ramani ya vituo kwenye manila, grafu ya nguzo ya wastani, na ubandike selotepu chini ya kila nguzo. Sasa inakuja sehemu ngumu, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza niliwapotosha watoto. Tulipima miti karibu na stendi mjini, kisha tukapanda Marangu. Mjini tulikuta maganda na kabichi bapa. Marangu ndevu zilining'inia urefu wa shubiri. Wakaandika kwa herufi kubwa: "Moshi wa magari umeua likeni za mjini." Tukaibandika siku ya wazazi. Mzee mmoja mwenye shamba la kahawa akaisoma hadi mwisho, akaniita pembeni, akasema kwa upole, "Mwalimu, huku kwetu ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Huko mjini umewahi kuuona?" Sikuwa na jibu. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, Marangu ni zaidi ya 1,300, na mvua yake ni nyingi kuliko ya mjini. Ndevu hupenda ukungu. Hata magari yote yangeondolewa, pasingekuwa sawa.

Juma lililofuata niliwaeleza watoto kosa langu, tukaishusha manila. Sasa tunafuata barabara kuu ya Arusha kwenye mwinuko uleule: kituo cha kando ya lami, cha mita 50 ndani, cha mita 200, cha mita 500. Ukiona alama zinapanda hatua kwa hatua kadiri mnavyoiacha barabara, na selotepu zinang'aa kwa mpangilio uleule, hapo mna hoja. Ikiruka kituo kimoja tu, chunguza kivuli, unene wa mti, au shimo la kuchomea taka lililo jirani.

Ndiyo maana pia sikushauri ubebe kipimo cha Hawksworth na Rose ukitumie hapa. Kilitungwa kwa ajili ya salfa ya makaa ya mawe, kwa miti na likeni za England na Wales. Hewa yetu ina mambo mengine. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, na tangu Januari 2015 viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Kinachotusumbua zaidi ni vumbi, masizi ya injini chakavu, moshi wa kuni na mkaa, na taka zinazochomwa mtaani. Likeni haipimi chembe ndogo ziitwazo PM2.5 kwa namba. Hiyo ni kazi ya mashine. Usimruhusu mwanafunzi aandike namba ya uchafuzi aliyoipata kwenye gome.

Mtego mwingine ni ng'ombe. Huku Kilimanjaro wengi hufuga zizini nyumbani, na amonia ya mkojo ni mbolea ya hewani. Likeni zinazopenda nitrojeni hunawiri karibu na zizi, mara nyingi za njano au za kijivu zilizobanana, na alama ya mti hupanda wakati hewa imezidiwa amonia. Uingereza utafiti wa wananchi wa mwaka 2009 uligawa likeni tisa kwa msingi huu: zisizotaka nitrojeni zikiwemo ndevu, za kati, na zinazoipenda. Basi uliza umbo na rangi, usiulize jumla peke yake. Kabichi kubwa na ndevu zikiwa zimepungua huku kabichi bapa zikijaa, hiyo ni habari kuliko alama 41 au 25.

Kituo kisipokuwa na likeni hata moja, usikimbilie kulaumu hewa. Uliza maswali haya kwa mpangilio: mti una umri gani? gome linabambuka? uliwahi kupakwa chokaa au dawa? jua ni kali kiasi gani hapo? Yote yakishajibiwa, ndipo hewa iingie.

Sentensi ninayowataka watoto waandike ni ya namna hii: "Kwenye migrivea mitatu ya kando ya barabara tulikuta aina tatu, kwenye mitatu ya mita 200 ndani tukakuta aina tano. Mwinuko ni sawa. Tunadhani moshi na vumbi vimechangia, kwa sababu selotepu za barabarani ni nyeusi." Imesema walichokiona, imesema wanachodhani, na imetoa sababu. Watu wazima wengi hatuandiki hivyo.

Wapo watakaouliza, na ni haki yao, kama hewa hiyo inamdhuru mtu pia. Waambie ukweli kwa lugha yao. Mwaka 1997 watafiti Cislaghi na Nimis walionyesha kwamba katika mkoa wa Veneto, Italia, sehemu zenye likeni chache ndizo zilikuwa na vifo vingi vya saratani ya mapafu kwa wanaume vijana. Haimaanishi likeni zinakinga saratani. Vitu viwili vilikuwa vikiishi chini ya hewa ileile. Wanafunzi wangu walipoelewa hilo, wao ndio waliokwenda kumuuliza mwalimu wa zamu kwa nini mpishi wetu hana bomba la kutolea moshi jikoni. Ule mjakaranda wa nyuma ya jiko ulikuwa na ganda moja tu na masizi hadi kimo cha kichwa, na mpishi yule hukaa hapo saa tano kila siku. Mwalimu mkuu alilipeleka kwenye kamati ya shule, na bomba likajengwa.

Hatua ya sita: daftari la miti

Kipimo cha mwaka mmoja ni mwanzo tu. Piga picha ya chumba kimoja cha ngazi kwa kila mti, rula ikiwa ndani ya picha, mwezi uleule kila mwaka. Sisi tunatumia Julai. Usipigilie misumari. Funga utepe wa nguo, na uulegeze kila mwaka mti unaponenepa.

Andika kila kitu kwenye daftari gumu moja linalobaki kabatini, na ukurasa wa kwanza uwe wa kuipata miti: aina, mzunguko, hatua ngapi kutoka kona gani ya jengo lipi, ngazi ilianzia kimo gani, na picha za manila zenye majina yaliyobuniwa, ili "kabichi bapa" ya mwaka huu iwe ileile ya mwaka ujao. Mimi huwapa darasa la sita wawafundishe wenzao wa darasa la tano wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba, pale pale mtini, kila mkubwa na mdogo wake, kikombe cha maji mkononi.